Mahameli Ndani ya Mlango wa Mercedes

Watu wa uwanja wa mafundi pale Migori mjini wakikuambia kwamba Leonida aliingia kwenye ufundi wa vioo kwa bahati, usiwasikilize. Mimi Nyasuguta ndiye niliyekuwa nikiuza chai pale, na ni chini ya mabati yangu alikoketi miaka yote ile ambayo wao walikuwa wakimpita kama gogo. Nilimwona akikosea na nilimwona akirekebisha. Sina sababu ya kumpamba.

Alizaliwa Sindo, kando ya ziwa, katika nyumba ya wavuvi waliosali kila Jumapili na kunuka samaki wiki nzima. Mama yake alinunua mabaki ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, akayachemsha, akakamua mafuta na kuyauza kwenye chupa. Kwao mafuta ya mbuta yalikuwa ya kila kazi. Walikaangia, walijipaka, walilainishia bawaba za milango. Hata cherehani ya masista wa parokia, ambayo Leonida alijifunzia kushona, ilikunywa mafuta hayo hayo na haikulalamika.

Aliolewa na Clifford, dereva wa lori la tumbaku kati ya Kehancha na Migori. Siku moja kiti cha lori kikapasuka, na Clifford akarudi nyumbani akilia mgongo mpaka mke wake akachoka kumsikia. Leonida akakishona kiti kwa turubai kuukuu, akakijaza sifongo. Kesho yake dereva mwingine akaja na kiti chake, kisha mwingine. Ndivyo alivyojikuta kwenye uwanja wa mafundi, mwanamke peke yake katikati ya wanaume wenye grisi mpaka viwikoni.

Uwanja ule ulikuwa na nafasi zilizopangwa kwa safu, kila fundi na yake. Mwenye kuzigawa alikuwa Maroa, mwenyekiti wetu, Mkuria mpana wa mabega na mpana zaidi wa sauti. Leonida alimwomba nafasi zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa lile lile.

"Hapa ni pa fundi ya gari, mama. Wewe unashona."

Kana kwamba viti alivyoshona vilikuwa vya kanisa! Basi akawa anaweka cherehani yake kwangu, kati ya sufuria na kuni. Mvua ikinyesha tulibanana humo ndani na wateja, na viti vya watu vikanuka moshi. Hakutaka makubwa. Aliniambia, "Nikipata pahali pangu nitaweka meza ya kukatia. Nimechoka kukata ngozi kwa magoti." Nami niliitaka nafasi hiyo kwa ajili yake kuliko nilivyotaka vitu vyangu mwenyewe.

Sasa njoo kwenye Mercedes. Ilikuwa ya Osman, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Osman alitoka Garissa, lakini alikuwa amekaa Migori hadi akawa anajadili bei kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na kukushinda. Gari lake lilikuwa la miaka ya sabini, rangi ya maziwa, na wakati huo wa 1996 hapakuwa na jingine la aina yake mjini kwetu. Vioo vyake vilikuwa vya umeme. Ulibonyeza swichi, kioo kikashuka, ukabonyeza tena, kikapanda. Kushuka vilishuka bila matata, ila kupanda ndiko kulikokuwa na kasheshe. Ungemkuta Osman amesimama nje ya gari lake la fahari, viganja viwili vimebana kioo huku na huku, anakivuta juu kwa jasho, na dereva ndani anabonyeza swichi. Soko zima lilikuwa linamcheka, na mimi nikiwemo.

Mwaka ule binti yake Fardowsa alikuwa anaolewa na Abdikarim, kijana wa Homa Bay, na ilipangwa kwamba Jumamosi bibi harusi apelekwe kwa mumewe ndani ya Mercedes ile. Mama yake, Sumayya, alitoa amri moja. Vioo vifungwe kutoka Migori hadi Homa Bay. Vumbi lisiguse nguo, na binti yake asitazamwe njiani na kila mwenye macho.

Fundi wa umeme uwanjani alikuwa Mochama, Mgusii mwenzangu. Mwezi mzima alikuwa akihangaika na vioo vile. Alibadilisha mota, akatafuta nyingine kwenye gari lililokufa, akavuta nyaya mpya. Vioo vilipanda nusu, vikaegemea upande, vikasimama. Leonida aliitwa kwa sababu moja tu: ngozi za ndani ya milango zilikuwa zimeraruka kwa kufunguliwa kila mara, na zilihitaji kushonwa.

Alipoivua ngozi ya mlango wa kwanza, akaingiza mkono ndani akipapasa. Mle ndani kioo hupanda kati ya mifereji miwili ya chuma, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila mfereji huwekwa kitambaa kinene ili kioo kisikwaruze chuma. Kitambaa cha Osman kilikuwa kimelika. Zilibaki nyuzi tu.

"Mochama," alisema, "mota haina shida. Kioo ndiyo imebanwa."

"Mama," Maroa alidakia kutoka mbali, "shona mlango."

Nusura nimmwagie chai. Bahati yake Osman mwenyewe alikuwa kwenye benchi langu, kikombe mkononi, na alikuwa amesikia.

"Wacha ajaribu," Osman alisema. "Na wewe mwenyekiti, uniambie. Hizi vioo zikipanda, huyu ni fundi ya gari ama si fundi ya gari?"

Watu waligeuka kumtazama Maroa. Maroa akacheka, lakini kicheko cha mtu aliyebanwa. "Zikae zimefungwa mpaka bibi harusi afike Homa Bay, nitampea nafasi," alisema. "Zikikataa, asiniulize tena hiyo maneno."

Alisema mbele ya uwanja mzima. Niliona shingo ya Leonida imesimama. Tangu siku hiyo kila mtu alijua kilichokuwa kikishindaniwa.

Na hapo ndipo alipokosea. Kitambaa cha mifereji hakikupatikana Migori, na siku zilikuwa chache. Leonida akakwangua kutu, akatoa kwenye kikapu chake chupa aliyoletewa na mama yake kutoka Sindo, akaipaka mifereji yote mafuta ya mbuta. Akabonyeza swichi. Kioo kikapanda moja kwa moja, bila mkono wa mtu. Cha pili vile vile, cha tatu, cha nne. Osman akaingia ndani akawa anabonyeza kama mtoto aliyepewa firimbi. Tukapiga makofi. Hata Mochama alipiga.

Ilikuwa Jumatatu. Kufika Alhamisi, gari lilikuwa limekaa kwenye jua siku baada ya siku, na vumbi la soko limeingia popote linapoweza kuingia. Asubuhi hiyo wanawake wa nyumba ya Osman walilifukiza kwa uunsi, ule ubani wao wa Kisomali. Waliweka chetezo ndani, wakafunga milango, wakangoja gari linukie harusi. Walipofungua, harufu ya ubani ilitoka imeshikana mkono na harufu ya samaki. Paka wa machinjioni walikuwa wamekwisha kujipanga chini ya gari wakinusa milango. Na kioo cha mbele, kilipobonyezwa, kilifika katikati kikagoma. Vumbi lilikuwa limenata kwenye mafuta, likawa tope.

Sumayya alikuja uwanjani kwa miguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, dereva akimfuata polepole na Mercedes. Mafundi wakaacha nyundo.

"Nani alitia samaki kwa gari ya binti yangu?"

Macho yake yalimwendea Mochama, kwa kuwa ndiye fundi aliyemjua. Leonida angeweza kuinamia cherehani yake na kunyamaza. Nilitamani anyamaze, nisikufiche. Lakini akasimama.

"Ni mimi, mama. Ni mafuta ya mbuta. Kwetu Sindo tunapaka kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Hata mlango ya kanisa."

Mtu mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Sumayya alibana midomo, nami sikujua ni hasira au anazuia kicheko chake.

"Nilisema mimi," Maroa alinguruma. "Mochama, chukua hiyo gari."

Mochama alijikuna kichwa. Akatazama gari, akatazama mikono yake. "Mwenyekiti, mimi nimeshika hii gari mwezi mzima. Waya iko sawa, mota iko sawa. Kioo inabanwa vile tu huyu mama alisema. Inataka kitambaa, na mimi sijui kushona."

Mpaka siku hiyo sikuwa nampenda sana Mochama, maana alikuwa mtu wa kejeli. Siku hiyo nilimwongezea mandazi kwenye sahani bila kuulizwa.

Sumayya alimtazama Leonida kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Unataka nini, hii kitu iishe?"

"Kitambaa, mama. Nzito, yenye manyoya mafupi. Na leo na kesho."

"Twende dukani."

Nilifunika birika nikawafuata. Wateja wangu walilalamika, na wakalalamike. Dukani kwa Osman, Sumayya aliteremsha majora moja baada ya jingine. Walijaribu blanketi, Leonida akakataa kwa sababu linanyonya maji. Walijaribu kitambaa cha makoti, kikawa chembamba. Mwishowe Sumayya akavuta kipande cha mahameli nyeusi kilichobaki baada ya kushona mito ya nyumba mpya ya Fardowsa.

Leonida alipitisha kiganja juu yake, akakirudisha, akasimama hapo hapo.

"Mama, pitisha mkono hapa. Sasa rudisha."

Sumayya alipitisha, akarudisha. "Huku inateleza," alisema. "Huku inakataa."

"Kioo ikishuka haitaki msaada, uzito yake inaivuta. Inataka msaada ikipanda." Leonida alikuwa ameanza kutabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nitaweka manyoya yalale yakiangalia juu. Ikipanda, inateleza."

Sumayya alikuwa ameuza vitambaa tangu utotoni. Alielewa kabla yangu. Akachukua mkasi mwenyewe, akakata.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kupigiwa makofi. Leonida alisugua mifereji kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji moto na sabuni, na maji hayo yalichemshiwa kwenye sufuria yangu. Alishona vipande vya mahameli virefu na vyembamba, kingo zimekunjwa, akavigandisha kwa gundi ya washona viatu. Alivua ngozi za milango yote minne akaziosha pia. Paka walikuja, wakanusa, wakaondoka zao, na hapo nikajua tumeanza kushinda.

Ijumaa ilikuwa ya kurekebisha. Chini ya kila mfereji kuna boliti zinazoushikilia, na ukizilegeza unaweza kuusogeza mfereji kidogo mbele au nyuma, ndani au nje. Leonida aliulegeza, akausogeza, akakaza. Mochama alikaa kwenye kiti cha dereva kubonyeza swichi, na sasa yeye ndiye aliyepokea amri.

"Panda. Simama. Shuka kidogo. Panda tena."

Kioo kikishafunga, Leonida alifungua mlango, akaweka ukanda wa kitambaa kati ya kioo na mpira wa juu, akafunga, akauvuta ule ukanda. Ukitoka kirahisi, hapo pana mwanya, vumbi litaingia. Ukishikwa, hapo pako sawa. Alizunguka kila kioo hivyo, kona baada ya kona, na mwanya ukionekana alirudi kwenye boliti. Adhana ya Ijumaa iliita, watu wa Osman wakaenda kuswali, wakarudi, yeye bado yuko magotini. Maroa alipita mara kadhaa akijifanya ana shughuli upande ule.

Jioni vioo vitatu vilikuwa vinapanda vizuri kabisa. Cha nne, cha mlango wa nyuma wa kushoto, ndicho kilichokuwa na kichwa kigumu. Kilipanda, lakini karibu na kufunga kilisita, mara nyingine kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha kikaingia. Na kiti hicho ndicho ambacho bibi harusi angekalia. Alikirekebisha tena na tena. Kikawa na nafuu, hakikupona.

Sumayya alipokuja kukagua, Leonida hakumficha. "Zinapanda zote, mama. Lakini hii ya nyuma ikishafungwa, isiguswe. Baada ya harusi nitaifungua tena."

"Haitaguswa," Sumayya alisema. Akainama, akanusa mlango, akanyanyuka ameridhika. Akaamuru uunsi uletwe upya.

Jumamosi msafara ulipotoka dukani ulipita mbele ya uwanja wetu, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda Rongo na Homa Bay. Tulijipanga barabarani. Magari yalikuja yakipiga honi, na Mercedes mbele yao imevishwa maua, vioo vyote vimefungwa. Leonida alisimama kando yangu, mikono ameificha kwenye aproni. Maroa alikuwa ng'ambo, amekunja yake kifuani.

Mercedes ikapunguza mwendo. Ikasimama mbele ya kibanda changu. Na kile kioo cha nyuma cha kushoto, kile kile kisichotakiwa kuguswa, kikaanza kushuka.

Leonida alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. "Asiguse," alinong'ona. "Nyasaye, Mungu wangu, asiguse."

Lakini kilikuwa kimeshashuka chote. Fardowsa alitokeza mkono uliojaa hina, na uso ukicheka chini ya shela.

"Fundi Leonida ni gani?"

Nilimsukuma mbele.

"Mama ameniambia umeshona mlango na mahameli ya mito yangu," Fardowsa alisema. "Sasa na mimi nimebonyeza nione. Ukuje Homa Bay uone hiyo mito, fundi. Usikose."

"Nitakuja, nyathina," Leonida alijibu. Alikuwa anamwita mwanangu, huku macho yake yote yako kwenye kioo.

Kutoka gari la nyuma sauti ya Sumayya ililipuka. "Fardowsa! Kioo!"

Fardowsa akabonyeza. Kioo kikaanza kupanda, bila haraka, kimenyooka. Kikafika robo tatu. Kikakaribia juu kabisa, na hapo kikasimama.

Honi zilinyamaza. Mochama aliinua viganja vyake hewani, kana kwamba angeweza kukivuta kutoka pale alipokuwa. Mimi nilikuwa naomba kwa Ekegusii maneno ambayo sikuwa nimeyaomba tangu nilipojifungua kifungua mimba wangu. Leonida hakuomba. Alikuwa amekazia macho ile kona ya nyuma ya kioo, na midomo yake ilisema, "Panda."

Kikapanda. Kikaingia kwenye mpira kwa sauti ndogo, kikafunga, na uso wa bibi harusi ukapotea nyuma yake. Msafara ukaondoka ukipiga honi kuliko mwanzo.

Nilidhani Maroa angesema neno. Hakusema. Yeye ndiye aliyetamka Homa Bay, na alingoja Homa Bay. Jumatatu dereva wa Osman aliporudi, Maroa alimzuia katikati ya uwanja, watu wote wakisikia.

"Njiani ilikuwa aje?"

"Huko Rodi, ukikaribia Homa Bay, vumbi ilikuwa kama ukungu," dereva alisema. "Mbele sikuwa naona." Akafungua mlango wa nyuma wa kushoto, akavuta mkono wa kanzu yake nyeupe, akaufuta upande wa ndani wa kioo kuanzia juu hadi chini. Kisha akamwonyesha Maroa mkono ule. Ulikuwa mweupe.

Maroa aliutazama. Alikuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mtu wa kula maneno yake. Akageuka.

"Mochama! Ondoa hiyo injini hapo kando yako."

"Niipeleke wapi, mwenyekiti?"

"Popote. Hapo ni pa fundi Leonida."

Leonida alikuwa ameinama juu ya cherehani kwangu. Hakuinua uso, lakini niliona matone yakiangukia gurudumu la cherehani, na alikuwa akiyafuta kwa kidole ili lisishike kutu.

"Unalia nini, nyar Sindo?" nilimfokea, nikimwita binti wa Sindo kwa lugha yao. "Beba hii kitu yako uniachie nafasi!"

Akashika upande mmoja. Mochama, akiwa bado na grisi ya injini mikononi, akaja akashika upande wa pili, wakavuka nayo uwanja mzima mbele ya kila mtu. Mimi nikabaki peke yangu na pengo kubwa kati ya sufuria na kuni, na nilipiga vigelegele mpaka birika likachemka likamwagika, na sikulijali.